Punje za Sataranji na Mashimo ya Bao

Iko adadi moja yenye tarakimu 20 ambayo imezunguka katika mabaraza ya watu kwa zaidi ya miaka elfu, ikisimuliwa na Waarabu kuwa imetoka Bara Hindi, kisha Wazungu wakaipokea kwa Waarabu, na sisi wengine tukaipata mwishowe kwa mwalimu wa hesabu aliyetaka kutunyamazisha Ijumaa mchana, au kwa mjomba mwenye masihara. Nayo ni hii: 18,446,744,073,709,551,615. Atakaye kuitamka kwa Kiswahili bila ya kuazima maneno makubwa ya kigeni na aseme kuwa ni milioni ya milioni ya milioni, mara kumi na nane na ushei, kisha apumzike. Ndiyo jumla ya punje za nafaka atakazozipata mtu akiweka punje moja katika nyumba ya kwanza ya ubao wa sataranji, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, na kuendelea hivyo hivyo kwa maradufu mpaka nyumba ya 64.

Kisa kinachoambatana nayo ni mashuhuri, nami sitakirefusha. Mwenye hekima mmoja aitwaye Sissa bin Dahir, aliyembunia mfalme Shihram mchezo wa sataranji, aliambiwa ataje ujira autakao. Naye akaomba ngano kwa hesabu hiyo, mfalme akaghadhibika kwa kuona ametakwa kitu duni kana kwamba hazina yake ni ya maskini, na hasira yake haikupoa ila pale makarani wa diwani walipokuja, nyuso zimewashuka, kumwarifu kuwa ghala zote za milki yake hazitoshi kulipa deni lile. Wako wasimulizi wanaomkatisha Sissa kichwa, na wako wanaomfanya waziri. Mimi hufuata wale wanaomwacha aende zake.

Aliyekisimulia kwa namna inipendezayo zaidi ni Ibn Khallikan, kadhi mkuu wa Damascus aliyefariki mwaka 1282, katika kitabu chake kikubwa cha wasifu wa watu mashuhuri, pale alipokuwa akieleza maisha ya as-Suli, mchezaji ambaye ustadi wake katika sataranji ulikwisha kuwa mithali. Kadhi yule, kama ipasavyo kadhi, hakukubali neno bila ya shahidi, naye aliiona daawa ya kwamba ngano ya dunia nzima haitoshi kuwa ni neno la kupita kiasi, mpaka alipokutana na mhasibu mmoja wa Iskandaria aliyemfungulia karatasi ya hesabu. Katika nyumba ya 16 mhasibu alikuwa amefikia punje 32,768, na hapo akaacha kuhesabu punje akaanza kuhesabu vipimo, kwa kuwa aliipima ngano ile akaona imejaa kipimo kimoja cha kwao Misri. Akaendelea na maradufu yake, vipimo vikawa vipimo vikubwa zaidi, na hivyo vikawa ghala, hata katika nyumba ya 50 akapata ghala 1,024, akasema huo na uwe mji mmoja. Na alipofika nyumba ya 64 alikuwa na miji 16,384, kila mji na ghala zake 1,024, akamwambia kadhi kuwa yeye mwenyewe ajua kwamba miji ya dunia haizidi idadi hiyo. Kadhi akasadiki.

Nimeijaribu hesabu ya mhasibu huyo kwa mchele wetu. Tukichukua kuwa punje moja ina uzito wa kama gramu 0.02, punje 32,768 zitakuwa gramu 655, karibu sawa na kibaba kimoja cha zamani. Kwa hiyo bwana yule wa Iskandaria angehamia Pwani yetu angeliweza kuendelea na kazi yake bila ya kubadili kitu ila jina la kipimo, na katika nyumba ya 18 angelikuwa na pishi moja kamili. Mwisho wa ubao angelifikia tani bilioni 369 za mchele, na kwa kuwa dunia nzima siku hizi huvuna zaidi kidogo ya tani milioni 500 za mchele uliokobolewa kwa mwaka, deni la Sissa lingelipwa kwa takriban karne saba, maadamu katika muda huo wote hapana mtu atakayekula wali.

Kabla ya Ibn Khallikan kwa zaidi ya miaka 200, Abu Rayhan al-Biruni alikwisha iandika adadi hii tarakimu kwa tarakimu katika kitabu chake juu ya tarehe na kalenda za mataifa, tena kwa njia ya mkato ambayo yafaa kila mwanafunzi aijue. Hakuhangaika na nyumba 64 moja baada ya moja; aliona kuwa adadi ya nyumba ukiizidisha kwa nafsi yake yakurusha nyumba nyingi kwa mara moja. Mbili mara mbili ni 4, nne mara nne ni 16, kumi na sita kwa nafsi yake ni 256, hiyo nayo kwa nafsi yake ni 65,536, kisha 4,294,967,296, na mara ya sita 18,446,744,073,709,551,616. Toa moja, umemaliza. Kuzidisha mara sita tu kumekwisha, na karani wa diwani bado yuko nyumba ya saba.

Hapo ndipo wasimulizi wote hufunga kitabu, na hapo ndipo ninapowalaumu. Wametuonyesha ukubwa wa adadi, na ukubwa ndiyo sifa yake iliyo duni kuliko zote, kwa sababu kila adadi, iwe kubwa namna gani, ina nyingine iliyo kubwa kuliko yeye. Lakini umbo lake la ndani, namna ilivyoungwa na vipande gani na kwa mpango gani, hilo ni lake peke yake. Kuisifia adadi hii kwa wingi wa punje ni kama kumsifia mtu kwa uzito wake na usiulize ukoo wake.

Tuuulize basi. Adadi hii ni witiri, hilo laonekana. Inaishia na 5, kwa hiyo inagawika kwa 5. Ukizijumlisha tarakimu zake zote 20 utapata 87, nayo 87 hugawika kwa 3 wala haigawiki kwa 9. Basi na adadi yenyewe ni hivyo hivyo. Kufikia hapo macho yametosha. Kupita hapo yahitaji mkono, na mimi mkono wangu nilikwenda kuufundisha barazani, kwenye bao.

Msomaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa kuwa bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kwamba kete zake ni 64, komwe safi zilizokwisha kung'arishwa na vidole vya wazee. Yaani bao moja ni nusu ya ubao wa sataranji kwa mashimo, na kete zake ni sawa kwa idadi na nyumba za ubao huo. Jumamosi moja, wazee walipokwenda kuswali alasiri na bao likabaki peke yake juu ya jamvi, nilimwita mjukuu wangu, mtoto wa darasa la sita, tukachukua ungo wa mchele tukajaza safu ya kwanza kama alivyotaka Sissa: punje moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne, na katika shimo la nane punje 128. Jumla ya safu ilitakiwa iwe 255, nami nilikuwa nimemwahidi mtoto kuwa tukizimwaga punje hizo mkekani zitajipanga mistari 15 ya punje 17 bila ya kuzidi wala kupungua.

Tulipozipanga, mstari wa mwisho ukapungukiwa punje mbili. "Babu, umekosea," akaniambia, kwa furaha ambayo watoto huificha kwa shida. Tukahesabu tena, tukapata 253. Jogoo wa jirani, aliyekuwa amesimama pembezoni mwa baraza kwa heshima kama mtu aliyekuja kusikiliza, alikuwa amejihudumia katika shimo la nane nilipokwenda kutafuta miwani. Nilipenda sana kosa lile. Punje 253 hupangika mistari 11 ya punje 23, nayo ni hesabu njema kwa wenyewe, lakini si ya ukoo wetu. Punje mbili tu zimeondoka na jamaa yote imebadilika. Tukarejesha mbili, na mara mistari ikatimia: 15 kwa 17, kisha 3 kwa 85, kisha 5 kwa 51. Kwa kuwa 15 nayo ni 3 mara 5, safu nzima ya bao ni 3 × 5 × 17, zote tatu namba tasa, yaani zile zisizogawika kwa chochote ila kwa moja na kwa nafsi zake.

Sasa tazama safu ya pili. Shimo lake la kwanza lina punje 256, na kila shimo katika safu hiyo lina mara 256 ya shimo lililo kinyume chake katika safu ya kwanza, kwani maradufu nane zimekwisha kupita katikati yao. Kwa hiyo safu ya pili nzima ni mara 256 ya safu ya kwanza, na ukizijumlisha safu mbili utapata 255 mara moja na 255 mara 256, yaani 255 × 257. Hakuna zaidi ya hapo. Burhani yote ni hiyo, na mtoto wa darasa la sita aliielewa kabla sijaimaliza. Upande wa mchezaji mmoja, mashimo 16, una punje 65,535, nazo ni 3 × 5 × 17 × 257. Upande wa mwenziwe, kwa hoja ile ile, ni mara 65,536 ya upande huu. Basi bao zima, mashimo yote 32, ni 65,535 × 65,537, yaani punje 4,294,967,295, tani 86 za mchele, nazo zimeungwa na namba tasa tano: 3, 5, 17, 257 na 65,537.

Tano hizo si watu wa mtaani. Kila moja ni moja zaidi ya zile alizozipata al-Biruni kwa kuzidisha nafsi kwa nafsi, 2, 4, 16, 256 na 65,536, na mwaka 1640 Pierre de Fermat, hakimu wa Toulouse ambaye hisabati kwake ilikuwa ni starehe ya baada ya kazi, alizitazama akaandika katika barua kuwa anaamini kila adadi ya namna hiyo, hata ukiendelea bila ya kikomo, ni namba tasa. Hakuwa na burhani, naye alikiri. Lakini mtu angelimlaumu vipi? Hebu tuhesabu vigawo. Punje ya shimo la kwanza, moja, ina kigawo kimoja. Mashimo mawili, punje 3: vigawo viwili. Mashimo manne, punje 15: vigawo vinne, yaani 1, 3, 5 na 15. Mashimo manane, punje 255: vigawo vinane. Mashimo 16: vigawo 16. Bao zima la mashimo 32: vigawo 32 kamili, kila shimo na kigawo chake. Anayeona mpango kama huo na asishawishike kusema kuwa utaendelea milele, huyo ana moyo mgumu kuliko wangu.

Na tano hizo zina jambo jingine. Tarehe 30 Machi 1796 kijana Carl Friedrich Gauss, akiwa amebakiwa na mwezi mmoja kutimiza miaka 19, aligundua kuwa umbo lenye pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, jambo ambalo wanazuoni wa Kiyunani na waliowafuata hawakuliona kwa miaka elfu mbili; na kwa kazi yake, iliyokamilishwa na Pierre Wantzel mwaka 1837, ikathibiti kuwa maumbo ya pande witiri yaliyo sawa huchoreka kwa vyombo hivyo pale tu ambapo idadi ya pande ni zao la namba tasa za Fermat zisizorudiwa. Kwa kuwa hazijulikani ila tano, maumbo hayo ni 31, na idadi za pande zake ndizo hasa vigawo vya punje za bao, ukiiacha moja. Lililo kubwa kuliko yote lina pande 4,294,967,295. Hapana atakayelichora, bila shaka, ijapokuwa Mjerumani mmoja aitwaye Johann Hermes alitumia miaka kama kumi kueleza hatua za kuchora umbo la pande 65,537, na makaratasi yake yamehifadhiwa katika chuo kikuu cha Göttingen, ndani ya sanduku, na sidhani kama yana wasomaji wengi.

Kabla ya kuondoka kwenye bao la kwanza, nimwombe msomaji arudi nyuma shimo moja. Ukiishia shimo la 31, usijaze la 32, punje zako ni 2,147,483,647, na adadi hiyo haivunjiki kabisa: ni namba tasa, kama alivyothibitisha Leonhard Euler mwaka 1772. Ongeza shimo moja tu, adadi iliyokuwa jiwe zima yagawika vipande vitano. Sababu yake si siri, kwani 31 yenyewe ni namba tasa na 32 ni yenye vigawo tele, na idadi ya mashimo ikigawika basi punje nazo hugawika, kama tulivyoona kwa safu. Kinyume chake hakilazimu. Mashimo 11 hutoa punje 2,047, nazo ni 23 × 89, ingawa 11 ni namba tasa. Katika ubao wote wa sataranji nyumba zinazotoa jumla isiyogawika ni tisa tu: ya 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31 na 61, na hiyo ya 61 ilithibitishwa mwaka 1883 na Ivan Pervushin, kasisi wa Kirusi.

Adadi hiyo ya shimo la 31 imo pia katika mashine zetu. Tarakilishi nyingi za zamani huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na saa zilizotengewa nafasi ya biti 32, moja ikiwa ni ya alama ya kujumlisha au kutoa, hazina pa kwenda zikifika sekunde 2,147,483,647. Jambo hilo litatukia tarehe 19 Januari 2038, kwa majira yetu saa 12 na dakika 14 asubuhi, watu wakiwa kwenye chai. Dawa yake ni kuhamia biti 64, nazo biti 64, zikihesabiwa zote, mwisho wa uwezo wake ni adadi ya Sissa, hata punje. Simu iliyo mfukoni mwa msomaji huenda inaibeba sasa hivi.

Tuje basi kwenye bao la pili, kwani mabao mawili yakiwekwa pamoja ndiyo sataranji. Kwa hoja ya safu, bao la pili ni mara 4,294,967,296 ya bao la kwanza, na mabao yote mawili ni 4,294,967,295 × 4,294,967,297. Kigawo cha kwanza tumekwisha kukijua ukoo wake. Cha pili ndicho cha sita katika mfuatano wa Fermat. Na lau kama Fermat alikuwa amesema kweli, kingelikuwa tasa, na adadi ya sataranji ingelikuwa na namba tasa sita na vigawo 64, kimoja kwa kila nyumba, na mpango ungelitimia kama nakshi ya mlango.

Haukutimia. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Euler akimuuliza kama ana habari ya neno lile la Fermat, na mwaka 1732 Euler, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, akaonyesha kuwa 4,294,967,297 ni 641 × 6,700,417. Hakuipapasa 641 gizani. Alikuja kuthibitisha baadaye kwamba kigawo chochote cha adadi hiyo lazima kizidi kwa moja kigawe cha 64, na katika namba tasa za sifa hiyo za mwanzo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Kwa hiyo anayejua kanuni hujaribu mara tano tu na ya tano ndiyo. Ajabu kubwa zaidi ni kwamba Fermat mwenyewe alizijua kanuni za kutosha kumfikisha hapo, na kazi ilikuwa ni ya jioni moja. Pengine alifanya kosa la kutoa katika karatasi iliyopotea, pengine aliridhika. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza.

Naona si haki kumtaka msomaji aamini neno la Euler bila ya kuliona, na iko njia ya kuliona bila ya kugawa hata mara moja. Adadi 640 ni 5 mara 128. Kwa hiyo 5 mara 128 ni pungufu ya 641 kwa moja, na kwa anayehesabu mabaki peke yake, kuwa pungufu kwa moja ni sawa na kusema kasoro moja. Ukikizidisha kitu hicho kwa nafsi yake mara nne, kasoro hujifuta, hubaki moja: yaani 625 mara 128 iliyozidishwa mara nne, ikigawiwa kwa 641, hubakisha 1. Lakini 625 nayo ni pungufu ya 641 kwa 16. Badilisha 625 kwa kasoro 16, na 16 mara 128 iliyozidishwa mara nne ni kwa hakika mbili iliyozidishwa mara 32, yaani 4,294,967,296. Basi kasoro ya adadi hiyo hubakisha 1; ndiyo kusema adadi hiyo pamoja na moja haibakishi kitu. Nilipoielewa burhani hii kwa mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba.

Hivyo ndivyo adadi ya sataranji ilivyo, tukiiandika kwa ukoo wake wote: 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417. Namba tasa saba, hakuna inayorudiwa, na vigawo 128, maradufu ya nyumba za ubao. Ubao wa sataranji ndio mahali pa kwanza ambapo mpango ulioanza kwa punje moja ukapita salama mashimo mawili, manne, manane, kumi na sita na thelathini na mawili, ulivunjika. Na kwa maoni yangu kuvunjika huko, si zile ghala wala ile miji 16,384, ndiko kulikostahili kumghadhibisha mfalme.

Adadi hii ilipata jina la pili mwaka 1883, Édouard Lucas, Mfaransa, alipotoa mchezo wake wa vijiti vitatu na visahani vya ukubwa mbalimbali, pamoja na hekaya ya hekalu la Benares ambamo makuhani huhamisha visahani 64 vya dhahabu, kimoja kimoja, kikubwa kisilale juu ya kidogo, na dunia itakwisha watakapomaliza. Idadi ya hatua zisizopungua ni ile ile ya Sissa, na kwa hatua moja kila sekunde bila ya kulala ni miaka bilioni 584, zaidi ya mara 40 ya umri wa ulimwengu. Lucas huyo huyo ndiye aliyeikaza kanuni ya Euler, akionyesha kuwa vigawo vya adadi za Fermat, kuanzia ile iliyomshinda mwenyewe, huzidi kwa moja kigawe cha 128 si cha 64 tu. Nayo 641 ni 5 mara 128 na moja. Alifariki mwaka 1891 kwa jambo dogo la kusikitisha: sahani ilianguka karamuni ikavunjika, kigae kikamkata shavuni, na jeraha likamharibikia.

Na adadi inayofuata ile ya Sissa kwa mbili tu, 18,446,744,073,709,551,617, ambayo ndiyo ya saba katika mfuatano wa Fermat, nayo si tasa: ni 274,177 × 67,280,421,310,721. Thomas Clausen alilijua hilo mwaka 1855, na Fortuné Landry akalichapisha mwaka 1880 akiwa mzee wa miaka 82. Kwa hiyo mabao manne yakiungana, namba tasa zake ni tisa na vigawo 512, na mpango haurudi tena. Tangu 65,537 haijapatikana namba tasa nyingine ya Fermat, na kila iliyochunguzwa ikatolewa hukumu imegawika.

Wazee walirudi msikitini tukiwa bado tunazoa punje mkekani. Mzee mmoja, bingwa wa bao katika mtaa wetu, aliniuliza tunafanya nini, nikamweleza safu kwa safu, naye akanisikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini, kwa sababu mtu aliyecheza bao miaka 60 hahitaji kufundishwa maana ya kuongeza maradufu. Akaniuliza kama waliochonga bao la kwanza waliweka mashimo 32 kwa kujua kuwa mpango unaishia hapo. Nikamwambia hapana, hawakujua. Hiyo ni sadfa, na mashimo yangelikuwa 30 tungelitafuta sadfa nyingine. Jibu halikumridhisha. Akaliinamisha bao, akaukung'uta mchele wangu wote chini kwa jogoo, akaanza kupanga: kete sita katika nyumba, mbili katika shimo lililo kando yake, mbili tena katika lifuatalo, na 22 akabaki nazo mkononi.